Wageni wa Habari ya Ng'ombe

"Vaa ile nguo ya kanisa," mzee Habarurema alimwambia binti yake. "Na uniambie leo, masomo ulichagua wapi na wapi?"

Uwitonze aliishusha simu, akamtazama. Tangu apate diploma yake ya sekondari alikuwa akimsumbua baba kwa neno hilo hilo, kwamba vyuo vya uganga wa mifugo vinakaribia kufunga maombi, na baba alikuwa akimjibu kwa kikohozi tu. Leo, siku wageni wanakuja, ndipo masikio yamezibuka.

"Butembo ya kwanza, Papa. Kampala ya pili."

"Na Lubumbashi?"

"Tutapita wapi? Ndege haziruki."

Na hata hivyo viwili alivyovichagua, alivichagua kama mtu anayechagua ukuta wa kugonga kichwa. Barabara ya Butembo ilikuwa vizuizi mwanzo hadi mwisho. Kampala walifundisha kwa Kiingereza, na Kiingereza chake kilitosha kuombea maji ya kunywa. Kote kulihitaji karo, na nyumba yao ya mbao pale mtaa wa Ndosho haikuwa imeona pesa ya maana tangu wakimbie vita Masisi na kuacha kundi zima la ng'ombe nyuma. Uwitonze alikuwa mtoto wao pekee, na alikulia katikati ya kundi hilo. Alijua kumvuta ndama aliyekwama tumboni kabla hajajua kusuka nywele. Nje ya kazi hiyo hakujiona akifanya kingine chochote duniani.

Alimfuata mama yake jikoni. "Mama, ni wageni gani?"

Mama Mukashyaka hakugeuka kutoka kwenye sufuria. "Papa yako alisema ni habari ya ngombe. Iko moja wameifunga ku Mugunga, inangojea."

"Ngombe ya nini?"

"Mimi sikuuliza, na wewe usiulize. Habari ya ngombe, mwenye kuileta ndiye anaisema kwanza."

Uwitonze aliingia chumbani kubadili nguo. Msichana aliyemaliza shule, nguo ya kanisa, ng'ombe anayengoja kwenye kamba: ni nani angehitaji kuelezwa zaidi? Rafiki yake wa darasani aliolewa hivyo hivyo, na unesi aliouota ukaishia kwenye kufua nepi. Sasa hata swali la vyuo alilielewa. Binti mwenye masomo mahari yake hupanda, na baba alitaka majina mazuri ya kuwatajia wakwe. Alivaa nguo ya kanisa huku machozi yakimdondokea kwenye kola.

Wageni walifika kwa pikipiki mbili. Wa kwanza alikuwa mzee Nshimiyimana, mrefu, kofia kichwani na fimbo ya mchungaji mkononi. Wa pili alikuwa mwanawe Julien, ndani ya suti, macho kwenye simu. Julien alikuwa na pete kidoleni tayari. Amejivalisha mwenyewe kabla hajakubaliwa, aliwaza Uwitonze. Kiburi gani hicho!

Kasiksi, pombe ya ndizi, ilimiminwa. Mzee Nshimiyimana alisimama, akaegemea fimbo yake, akamsifu yule ng'ombe wa Mugunga kwa maneno marefu matamu, pembe zake, mwendo wake, mama yake na bibi yake. Julien alipiga mwayo.

"Habarurema," mzee alisema, "kati yetu ngombe ilipita. Leo inapita tena."

"Ni kweli," baba alijibu kwa sauti ya chini, na macho yake yaling'aa. Uwitonze hakuwa amemwona na furaha namna hiyo tangu Masisi. Ilimuuma. Kumbe kumtoa kulimfurahisha hivyo!

Chumba kilikuwa kidogo, mlango umezibwa na magoti ya wageni, na ukuta wa mawe meusi ya volkano ulionekana dirishani. Hapakuwa na pa kupita. Ndipo mzee akamgeukia kwa upole.

"Na wewe, binti, ngombe unazipenda?"

Uwitonze akauona upenyo. Hakuna mfugaji ambaye angempeleka nyumbani kwake mke anayedharau ng'ombe. Afadhali jirani wote wamcheke, afadhali hata fimbo ya baba, kuliko kufungwa maisha kwenye boma la huyu kijana wa mwayo. Akainua kidevu.

"Hapana, Muzee. Sizipendi. Zinanuka. Hata maziwa yake siwezi kuitia mu kinywa."

Kikombe kilimponyoka mama yake. Baba alifunika uso kwa viganja viwili. Julien, kwa mara ya kwanza, aliacha simu akamtazama. Moyoni Uwitonze alihisi hewa ikiingia, hewa nyingi, kama aliyetolewa chini ya mzigo. Yamekwisha, aliwaza. Hawanitaki tena.

Mzee Nshimiyimana hakukasirika. Aliketi polepole, akaweka fimbo kati ya magoti, akamgeukia baba.

"Habarurema, siku batoto wangu walikuwa wanakufa na njaa, ulinipatia ndama, na haukuniomba kitu. Ile ndama ilizaa mpaka boma ikajaa. Leo nimekuletea mutoto yake, uiuzishe, uanze kulipa masomo ya ule binti yako mwenye uliniambia anataka kuwa muganga wa ngombe."

Akainua shingo, akachungulia kuelekea chumba cha ndani.

"Basi, muniitie yeye."