Mbegu za Alistidia

"Uvimbe umekua kwa kasi gani?" daktari aliuliza. Picha ya zamani haikuwepo, maana chumba cha kupigia picha za matiti kilifungwa wakati wa korona.

Alistidia, mkulima wa Nyanga, alifungua fundo la kanga yake. Akaweka harage mezani. "Ulikuwa hivi nilipokuja, mkanirudisha nyumbani."

Akaweka njugu mawe. "Msimu wa kahawa, hivi."

Ya mwisho ilikuwa mbegu ya fenesi. "Leo."

Daktari aliishika, kisha akaupapasa tena uvimbe. Vililingana.

"Hii ndiyo picha niliyokuwa naitafuta, mama," alisema taratibu. "Hatusubiri tena. Kesho tunaanza matibabu."

Alistidia alimwachia mbegu ya fenesi, akazifunga zile mbili kwenye kanga.

"Hizi nazipanda leo," alisema, "nije nizivune."