Unga wa Arobaini

Mvua ilipokatika, uwanja haukuwa na mstari hata mmoja. Chokaa yote ilikuwa imesombwa. Refa akasema bila mistari hakuna mechi, na pointi zinakwenda kwa wageni. Timu ya mji ilibakiza ushindi huu mmoja tu itwae ubingwa wa daraja la tatu.

Siwema, ambaye nyumba yake ilipakana na uwanja, aliingia ndani mbio. Gunia la unga wa ngano lilikuwa jikoni, la mikate ya arobaini ya marehemu kaka yake, Makame, aliyeishangilia timu hii maisha yake yote bila kuiona ikibeba kombe. Akalikumbatia, akatoka nalo.

"We Siwema! Huo si wa khitma?" shangazi yake akamaka. "Kesho watu watakula nini?"

"Watakunywa chai kavu, shangazi. Makame mwenyewe angewaambia hivyo."

Watu wakauchota kwa vikombe, wakachora mistari iliyopinda kama nyoka, huku wakiwafukuza kuku.

"Mnapika au mnacheza?" mashabiki wa wageni wakadhihaki.

"Tunapika, na mtakula nyinyi!"

Mechi ilikuwa ukingoni, bado bila bao, mshambuliaji wa mji alipojirusha kifudifudi, akaupiga mpira kwa kichwa, wavu ukatikisika. Uwanja ukalipuka. Siwema akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mfungaji aliinuka kwenye mstari wa unga, uso na kifua vikiwa vyeupe pe, akawakimbilia watu, na kila aliyemkumbatia alibaki na unga nguoni. Siwema akakaza kanga yake kiunoni, akaanza kupenya umati kumwendea mfungaji.