Futi Sita za Kwetu

Shangazi Haunani, kama ufukwe mzima ulivyomwita kwa heshima, alikuja kuchagua siku ya kumwaga majivu ya kaka yake baharini, na swali lake la kwanza lilihusu upepo.

"Alhamisi unatoka wapi?"

"Nchi kavu, tena mwepesi," alijibu Kaipo. "Lakini Alhamisi siyo siku ya msiba, Shangazi."

Kaipo ndiye aliyeandaa utabiri wa bahari wa ufukwe wa Waipuhi na kuusoma redioni kila asubuhi. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa na ramani za hewa, vipimo vya maboya, na dharau ya kimyakimya kwa yeyote aliyesema goti lake linamwambia mvua inakuja. Alimgeuzia kioo cha kompyuta. Dhoruba ilikuwa imejiviringisha kaskazini, upande wa Alaska, na mawimbi yake yangetua Waipuhi Alhamisi. Ijumaa upepo ungegeuka na kuyavuruga. Jumamosi bahari ingelala. Baada ya hapo, wiki kadhaa za mvua na maji ya matope.

"Chukua Jumamosi," alisema. "Bahari itakuwa bapa kama sinia."

"Kaka yangu siyo wali, Profesa. Alhamisi futi ngapi?"

"Sita."

"Sita za kwetu au sita za watalii?"

Lilikuwa swali la haki. Mtalii hulipima wimbi kwa mbele, kuanzia miguu yake hadi mwisho wa hofu yake. Watu wa Waipuhi hulipima kwa mgongo na kupata nusu.

"Za kwetu," alisema Kaipo.

"Basi Alhamisi."

"Shangazi, umri huo, na nyonga hiyo?"

"Ndiyo maana. Mwezi ujao wananiwekea ya chuma, na daktari kasema nikishawekewa, ubao wangu wa kupanda mawimbi niutundike ukutani. Nisipoingia sasa, siingii tena."

Kaipo alirudi kwenye namba zake. Mawimbi yangekuja kwa nafasi, na mkondo wa kando ya mwamba ungempeleka nje bila kumponda. Hatari ilikuwa moja: upepo ukiwahi kugeuka, bibi huyo angezama kwa utabiri wake yeye.

"Nikikupungia shati jekundu, unatoka," alisema.

"Nikiliona."

Marehemu Lono alihamia Las Vegas, mji wa kamari, zamani, kama nusu ya kisiwa, na wachache waliikumbuka sura yake. Kwa desturi, watu wote wangeingia majini na mbao zao na kumzunguka. Lakini dada yake alisema Lono aliusia vingine: mtu wa damu yake ampeleke baharini peke yake, wengine wakae mchangani. Maisha yake yote hakupenda msongamano. Kaipo alijiuliza mtu wa namna hiyo alifuata nini Las Vegas, ila hayo hayakuwa mambo ya hali ya hewa.

Alhamisi mawimbi yalifika kama yalivyoandikwa, meupe kichwani, laini kama kioo tumboni. Siku kama hiyo ufukwe wa Waipuhi huwa na mbao nyingi kuliko samaki, na wapanda mawimbi hutukanana hadi mama zao. Leo maji yalikuwa matupu. Wote walikaa mchangani, mashada ya maua shingoni, wakiyatazama mawimbi kama waliofunga wanavyotazama chungu.

Kijana mmoja wa California alishindwa kuvumilia, akanyanyua ubao wake. Makoa, mwenye mabega ya mlango wa gereji, aliuwekea mkono.

"Kuna msiba, kaka. Kaa."

"Mawimbi haya hayarudi."

"Hata marehemu harudi. Kaa."

Kijana akakaa.

Shangazi Haunani alikuja akichechemea, kiboksi cha majivu kimefungwa mbele ya ubao. Nyuma yake alikuja mbwa wa Makoa. Alikuwa amelala tangu jana kando ya shimo la tanuri nyumbani kwa Shangazi, alikofukiwa nguruwe wa matanga aokwe chini ya makaa. Sasa alikinusa kile kiboksi, akakilamba, akamsindikiza marehemu mpaka maji yakamfika kidevuni.

"Hata mbwa anaona uchungu," alisema mama mmoja, akajifuta machozi.

Kaipo alishika shati lake jekundu na kutazama minazi. Upepo ulitulia.

Shangazi alifika nje, akamwaga konzi ya kwanza. Wimbi likainuka nyuma yake. Akapiga makasia kwa mikono, akasimama, na ile nyonga iliyomtesa kwenye ngazi za kanisa ikasahau kazi yake. Aliteleza hadi karibu na mwamba, mikono chini, kidevu juu. Kisha akarudi nje, akamwaga konzi nyingine, akapanda jingine. Na jingine.

"Anamtoa kidogo kidogo," alinong'ona mtu.

Jua lilipanda. Shangazi hakutoka.

"Majivu mengi," alisema kijana wa California.

"Lono alikuwa mnene," alisema Makoa.

Alipotoka hatimaye, uso wake ulikuwa wa mtu aliyelipwa. Aliugusa mchanga, akamkabidhi Kaipo ubao. Watu walimkumbatia mmoja mmoja, wakala nguruwe. Kaipo alivaa shati lake. Utabiri haukukosea hata nukta.

Jumatatu alikuwa ofisini, akiandika juu ya mvua za wiki zijazo, simu ilipolia. Ilikuwa sauti nzito ya mwanamume, na nyuma yake mashine za kamari zikilia.

"Wewe ndiye Kaipo, msoma bahari? Hapa Las Vegas, Lono, kaka yake Haunani. Nakuuliza wewe kwa sababu dada yangu hutia chumvi: siku ya mazishi yangu, mawimbi yalikuwa futi ngapi?"