Kuchakulo na Mambo ya Ghafla

Digidigi alikuwa na njia moja tu ya kwenda malishoni, aliyoonyeshwa na mamake, na Kuchakulo hakuchoka kumcheka kutoka mtini.

"Dada, utazeeka bila kushtuka hata siku moja! Mambo ya ghafla ndiyo utamu wa maisha."

Asubuhi moja, kwenye njia ileile, kitanzi kikamnasa Digidigi mguu.

"Kaka, shuka unitafunie kamba!"

Kuchakulo alikuwa akipiga makofi. "Ulivyoruka! Nimesubiri hili tangu jana, mwindaji alipotega."

"Ulimwona, ukanyamaza?"

"Ningekwambia, lingekuwa la ghafla tena?"

Nyayo za mwindaji zilikuwa zikikaribia. Digidigi alimtazama rafiki yake pale juu alipokaa, akaelewa, kwa kuchelewa, kwamba wapenda mambo ya ghafla wote huanza kwa kupanda mti.