Vijiko Vitatu vya Karanga

Siku hizi Wangila hukiri mwenyewe: mjinga wa siku ile alikuwa yeye. Lakini Jumamosi hiyo asubuhi, akikoroga vijiko vitatu vya unga wa karanga kwenye kikombe cha uji cha bintiye, alijiona profesa.

Nanjala alikuwa na miaka tisa na kipandauso. Kikimshika, hujifungia gizani akitapika. Mamake, Zipporah, aliandika daftarini kila alichokula mtoto, na neno karanga alikuwa amelipigia mstari mara sita.

"Kichwa na tumbo vinajuana wapi?" Wangila alimcheka. "Huyu anaumwanga siku ya hesabu. Na wewe ni daktari wa daftari." Yeye mwenyewe karanga hakuzigusa, alisema ni chakula cha walevi.

Alikuwa ameapa: siku atakayomfumania mtoto na uwongo, daftari litawasha moto jikoni, na Jumatatu Nanjala ataenda shule ya bweni huko Matete, ale wanachokula wenzake bila kubembelezwa.

Aliificha ladha kwa sukari na ndimu, akaenda kufunga tai. Aliporudi, kikombe kilikuwa kitupu. Nanjala alikuwa akimkazia kifuniko cha chupa ya uji wa kazini, kama kila asubuhi.

"Umemaliza?"

"Umeisha, Baba."

Kwenye mizani ya miwa kiwandani, Wangila alishinda akichekelea. Hata uji wake siku hiyo ulikuwa mtamu. Saa nane akaomba ruhusa. Jua lilikuwa kali, na moshi wa kiwanda ulikuwa umemchosha. Njiani alimsimamisha mtu wa boda boda mara mbili ashuke ateme mate.

Nyumbani alimkuta Nanjala uani akiruka kamba. Akaketi kivulini, kofia imeshuka hadi machoni.

"Mama Nanjala, zima hiyo redio. Lete daftari lako na kiberiti."

Zipporah akaja na daftari tu, amelikumbatia.

"Asubuhi nimemlisha karanga," Wangila akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. "Vijiko vitatu. Muone anavyoruka. Haya, daktari, niambie: kipandauso kiko wapi?"

Zipporah akamgeukia mtoto. Nanjala akaiacha kamba.

"Usipige kelele, Baba, kitazidi kukuuma," alisema. "Ule uji ulinuka karanga, nikaumimina kwenye chupa yako."