Uji Alioomba Mama

Tangu jana mama hakuwa amefumbua kinywa. Asubuhi hii alitamka neno moja la lugha ya kwao, na binti yake, fundi cherehani, alilijua tangu utotoni: uji wa mchele.

Furaha ikampanda. Akampigia kaka yake, aliyekuwa tayari stendi akisubiri basi la kuja kumwona mama mgonjwa.

"Rudi tu kazini, kaka. Mama anataka kula!"

Kisha akakimbilia jikoni.

Lakini kijiko kilipogusa midomo, mama aligeuza uso. Uji ukamchuruzika kidevuni hadi kwenye shuka.

"Jamani mama, si umeuomba mwenyewe?"

Mama akalirudia neno lile, macho mlangoni.

Mama mkubwa, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, alisimama palepale. "Amelisema hilo tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Anataka uji."

"Mwanangu, wazee wetu waliipa jina hilohilo siku ya kuagana, watoto wote wanapokuja kumpa mkono wa buriani anayeondoka. Kaka yako yuko wapi?"

Binti akapiga simu.

"Enhe, mdogo wangu," kaka akapokea kwa kicheko. "Amemaliza bakuli zima?"

Kitandani, pumzi za mama zilikuwa zimeanza kukatika.