Sura Aliyoiruka Dada

Kwa mara nyingine tena Dada aliiruka sura ya nne. Alizibana kurasa zake kwa kidole gumba, akaendelea na sura ya tano kama vile hakuna kilichopotea.

"Umeruka," Mama alisema kutoka kitini. "Hiyo ndiyo ya yule mkubwa anapoacha shule."

"Upepo umefunua kurasa, Mama."

"Upepo gani, na nimekusikia ukifunga madirisha?"

Dada alifunua ukurasa mwingine. Macho ya Mama yalikuwa yameingia ukungu miaka mingi iliyopita, lakini masikio yake hayakudanganyika, na riwaya ile aliijua karibu neno kwa neno. Ilikuwa riwaya kongwe ya ndugu watatu wa kike wanaokulia katika nyumba moja. Jalada lake lilikuwa limebanduka, likagandishwa kwa gundi, likabanduka tena. Kila alasiri, vyombo vikishaoshwa, Dada alifuta mikono kwenye aproni, akavuta kigoda na kusoma.

Walitaka waimalize kabla ya harusi. Mfamasia, binti wa nyumba ile, alikuwa anaolewa, na baada ya harusi angemchukua Mama akaishi naye. Nyumba ingepangishwa. Makochi yalikuwa yameshapata pa kwenda, hata jokofu. Kuhusu Dada hakuna aliyesema neno, naye hakuuliza. Aliyeuliza huenda akajibiwa.

Cha ajabu, hakuwa na hofu. Alijua ilimpasa kuogopa, kama mtu ajuavyo kwamba mguu uliokufa ganzi bado ni wake. Alipika, akafua, akasoma, akalala katika kichumba kilicho kando ya jiko. Asubuhi alianza upya.

Mfamasia aliingia, viatu vya visigino mkononi.

"Dada, mgeni yuko getini. Chai ilete kwenye lile sinia jipya. Halafu, leo usikae nasi, eh? Ukishatenga, basi."

"Sawa."

"Na hiyo aproni..." Mfamasia alisita, akatazama pembeni. "Basi, iache tu."

"Zipu yako haijafika juu. Geuka."

Akampandishia, kama alivyompandishia tangu enzi za sare ya chekechea. Mfamasia hakusema asante. Alivaa viatu, akaenda kufungua mlango.

Mchumba alikuwa mpima ardhi, kijana mrefu aliyeinama mlangoni ingawa mlango ulimtosha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika pale. Alimwamkia Mama kwa mikono miwili, akakaa kwenye ncha ya kochi kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Dada alipomkabidhi kikombe, alijiinua kidogo.

"Asante sana, dada."

Mama alitabasamu. "Kijana ana adabu. Wengine wangepokea kimya kimya."

Mfamasia alikohoa, akauliza habari za barabarani.

"Ila dada namfahamu," mpima ardhi aliendelea. "Mwenzangu aliniambia tangu mwanzo: 'Nyumbani tuko mimi, Mama na dada.' Na hicho kitabu, Mama, ndicho unachosomewa?"

"Ndicho. Dada ndiye macho yangu."

"Kinahusu nini, dada?"

Dada alikuwa amesimama, sinia tupu amelikumbatia kifuani. "Ndugu watatu."

"Wanaishiaje?"

"Wa kati anasafiri. Mdogo anaolewa."

"Na mkubwa?"

"Kitabu hakisemi."

"Mkubwa ndiye aliyewasomesha wenzake," Mama alidakia, "halafu mwandishi akamsahau. Nimemlaumu mwandishi huyo tangu nikiwa msichana."

"Mama, chai inapoa," Mfamasia alisema.

Dada aligeuka kurudi jikoni. Alikuwa ameshafika mlangoni mpima ardhi alipoweka kikombe chini na kusafisha koo.

"Mama, nina ombi. Hili sikutumwa na mtu, nimelifikiria mwenyewe hapa hapa. Ukihamia kwetu, na dada aje pia. Kusoma kusikatike. Kuna chumba uani, tena kina bafu lake."

Kikombe cha Mfamasia kiligonga kisahani.

Mama alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa kijana, akaushika. "Mungu akuzidishie, mwanangu. Jambo hilo hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi. Nilidhani mmemsahau."

Dada alisimama pale pale mlangoni. Kitu kilianza kumchoma kifuani, kwa sababu ganzi ikianza kuachia huwa inauma. Kwa mara ya kwanza tangu harusi itajwe, alitaka kitu. Alitaka kwenda. Alitaka hata kurudi pale kwenye kigoda, aisome ile sura ya nne kwa sauti, yote, na wote wakisikiliza.

"Tumsahau vipi, Mama?" mpima ardhi alicheka kwa furaha. "Wafanyakazi wa ndani kama huyu siku hizi wanatafutwa kwa tochi."

Mama aliuachia mkono wake polepole. Aligeuza uso huku na huku, akisikiliza ni nani mwingine aliyeingia.

"Mfanyakazi yupi, baba?" aliuliza. "Humu ndani tupo mimi na wewe, na binti zangu wawili tu."